Ua la Mama, Mti wa Mzee

Nyabenda alishuka kwenye mtumbwi pale Bangwe, upande wetu wa ziwa, katikati ya kiangazi cha mwaka 1972. Alikuwa amevaa kiatu kimoja na kingine amekishika mkononi, maana soli yake ilibanduka njiani. Alitoka Rumonge, upande wa Burundi, mji wa ufukweni kama wetu. Huko kulikuwa kumeharibika. Watu walikimbia kwa mitumbwi, kwa maboti, wengine kwa miguu kupitia milimani, na katika kukimbia huko alipoteana na mkewe, Niyokwizera. Yeye alisukumwa na umati akajikuta chomboni, mke akabaki mchangani akingoja chombo kingine. Hicho kingine Nyabenda hakukiona kikifika.

Siku za mwanzo alilala kwenye kibanda cha kuhifadhia dagaa. Kila asubuhi aliteremka ufukweni kuwauliza walioshuka kama wamemwona mwanamke mrefu, mwenye mwanya, anayeziba mdomo akicheka. Hakuna aliyemwona. Baada ya hapo alizungukazunguka mtaani akitafuta kibarua, na ndivyo alivyowakuta Bonaventura na Verediana wakigombana mbele ya nyumba yao mpya.

Bonaventura alikuwa amestaafu reli. Alikuwa mrefu, na sauti yake ilizoea kushindana na injini. Verediana, mkewe, alikuwa mfupi wa sauti ndogo, ambayo karibu kila siku iliishinda ile kubwa. Nyumba yao ilikuwa ya tofali za kuchoma, ya bati, na madirisha yake yalikuwa ya vioo. Kilichobaki ni kile kipande cha ardhi nyekundu kati ya mlango na barabara, kidogo kiasi kwamba kisingebeba mmea zaidi ya mmoja. Basi ugomvi ulikuwa ni mmea gani.

"Mkrismasi," Bonaventura alikuwa akisema. "Mti unatanda kama mwavuli, ukifika Desemba unawaka mwekundu hadi wavuvi wanauona wakiwa katikati ya ziwa."

"Na mizizi yake itaingia chumbani kunisalimia," Verediana akajibu. "Mimi nataka ua la kutambaa, lile la zambarau lililofunika lango la misheni. Lipande juu ya mlango, basi."

"Lile lina miiba."

"Na wewe unayo, mbona nimekuzoea."

Nyabenda alikuwa amesimama barabarani. Ukweli ni kwamba hakusimamishwa na ugomvi, alisimamishwa na sahani ya mandazi iliyokuwa juu ya kigoda. Akawasalimu, "Mwaramutse," kisha akaongeza shikamoo kwa wote wawili ili asikosee. Bonaventura akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kile kiatu cha mkononi.

"Marahaba. Huko kwenu ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nyabenda maisha yake yote alikuwa muoka mikate. Alijifunza ujanani kwa Mgiriki mmoja pale Rumonge, halafu akajenga tanuri lake mwenyewe. Lakini alitazama akaona mume ameshika fimbo ya kuchorea shimo, mke ameshika upawa, na kati yao udongo mtupu. Hakuona hapo mtu mwenye shida ya mkate.

"Bustani," akasema. "Nilitunza bustani ya Mzungu mmoja. Maua tu, asubuhi mpaka jioni."

"Karibu uketi," Verediana akasema.

"Karibu chai," Bonaventura akasema, kabla mkewe hajamaliza.

Andazi la kwanza Nyabenda alilisikia mpaka kwenye masikio. Lilikuwa gumu, na katikati lilikuwa bado unga. Alikaribia kusema kitu, akakumbuka yeye ni mtu wa maua, akalishusha kwa chai. Verediana alikuwa akiuza mandazi hayo karibu na stesheni, na waliyanunua zaidi wasafiri, watu ambao wasingerudi kulalamika.

Siku hiyohiyo akapewa chumba cha stoo, mkeka na jembe. Kesho yake akaanza kazi mbele ya wote wawili. Alichukua udongo akaunusa. Akauweka kwenye ulimi, akafumba macho, akatema pembeni kwa heshima.

"Udongo umechoka," akatangaza. "Umekanyagwa sana na mafundi. Tukipanda sasa, chochote kile, kitakufa. Inabidi tuupumzishe."

"Kwa muda gani?" Bonaventura akauliza.

"Wenyewe utasema, mzee."

Ikawa raha ya Nyabenda. Udongo ulipumzika na yeye akapumzika nao. Na kwa kuwa yeye ndiye angekata shauri, kila mmoja alianza kumfuata kwa siri.

Verediana alimfuata wa kwanza, na bakuli la migebuka, samaki wa ziwani waliopikwa kwa mawese. "Baba, nikwambie ukweli kuhusu huo mti. Anataka kivuli cha kuchezea bao. Ana wenzake wa reli, wanaume wazima wasio na kazi. Watakaa hapa kutwa, na kila mmoja atataka chai. Nani ataipika?"

"Ego, ndiyo mama," Nyabenda akasema, mdomo umejaa. "Nimeona. Ua la kutambaa ndilo linalofaa."

Bonaventura naye alimfuata kesho yake na sigara. "Usidanganyike na habari ya uzuri wa ua. Mke wangu anataka pazia. Likishafunika mlango atakaa nyuma yake kwenye mkeka, atamwona kila anayepita na yeye haonekani. Ataijua Bangwe nzima mpaka walichokula jana."

"Hilo nililiona siku ya kwanza, mzee. Mti ndio dawa."

Akawa anakula samaki wa upande mmoja na kuvuta sigara za upande mwingine. Ilipoonekana udongo umepumzika vya kutosha, akasema sasa unahitaji kulishwa. Hiyo ikampa sababu ya kuteremka ufukweni kila asubuhi na ndoo, eti kukusanya matumbo ya samaki na vumbi la dagaa. Alikuwa akienda kuuliza habari za mkewe. Lakini hakuweza kurudi na ndoo tupu, kwa hiyo matumbo ya samaki yakaja, yakafukiwa katika mashimo mawili mbele ya nyumba ya madirisha ya vioo, yakanuka, na paka wa mtaa mzima wakahamia hapo. Jirani mmoja aliyefiwa na mjomba wake alikuja kuomba kwa upole kama bustani inaweza kusubiri mpaka matanga yaishe.

Mwezi wa tisa alikuja Leonardi, balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa mtu wa haki aliyependa kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo la serikali. Akakohoa. Akasema wakimbizi waliokaa majumbani mwa watu wanatakiwa kujiandaa, malori yatawapeleka kwenye makazi huko Tabora, ambako watapewa mashamba. Nyabenda akaacha kutafuna. Tabora hakuna mtumbwi unaotoka Rumonge.

"Huyu hawezi kuondoka," Verediana akasema. "Hajamaliza bustani."

"Kabisa," Bonaventura akasema. "Hajamaliza."

Leonardi aliwatazama kwa mshangao. Aliwajua watu hawa tangu zamani na hakuwahi kuwasikia wakikubaliana. Halafu akatazama mashimo mawili na paka wanane au tisa. "Bustani ipi?"

"Iko chini," Nyabenda akasema. "Inaanzia chini, ndugu balozi."

"Haya. Nitarudi mvua zikishika. Nikute ua. La mti au la kamba, mimi sichagui. Nikute ua."

Sasa mchezo ukawa mgumu. Akipanda mti, mama atamfukuza. Akipanda ua la kutambaa, mzee atamfukuza. Na asipopanda, lori linamngoja. Aliwaza siku kadhaa, kisha akaenda misheni na Verediana, wakapewa vipande vya lile ua la zambarau. Akaenda stesheni na Bonaventura, wakang'oa mche wa mkrismasi uliojiotea kando ya reli. Akavipanda vyote viwili, kimoja karibu na mlango na kingine karibu na barabara.

Verediana akamwita nyuma ya jiko. "Ule mti unafanya nini pale?"

"Tulia, mama. Nimeupanda kumfurahisha mzee. Mizizi yake nimeimwagia maji ya moto. Mwezi huu utakauka, na yeye atasema ni kazi ya Mungu."

Bonaventura akamwita nyuma ya choo.

"Tulia, mzee. Lile ua nimelikata mizizi yote." Hapo kwa bahati alisema kweli, kwani kipande cha ua hakina mizizi, ila yeye hakujua. "Litanyauka lenyewe. Wewe mwonee mama huruma tu."

Basi nyumba ile ikaingia katika amani ambayo mtaa ulikuwa haujaiona. Kila asubuhi Bonaventura alimwagilia ua la mkewe, akimtazama kwa macho ya mtu aliyekuja kuhani msiba. Verediana naye aliupalilia mti wa mumewe na kuusifu mbele ya wageni. Wakati wa kula alimwongezea nyama. Kanisani watu waliwaona wakichangia kitabu kimoja cha nyimbo.

Kasoro ilikuwa moja. Nyabenda hakujua kupanda. Vile vipande vya ua alivichomeka kichwa chini. Na mche wa mkrismasi aliuweka juu kabisa ya yale matumbo ya samaki, ambayo yalikuwa yakioza na kuchemka huko ardhini kama sufuria. Mvua zikanyesha, Bangwe yote ikawa kijani, na mbele ya nyumba ya Bonaventura vikabaki vijiti viwili vikavu.

Verediana alivumilia mpaka asubuhi moja wakati wa chai. "Nyabenda," akasema mbele ya mumewe, "uliniambia utakauka mti. Mbona na ua langu limekauka?"

Bonaventura akaweka kikombe chini. "Alikwambia utakauka mti? Mimi aliniambia litakauka ua."

Waliangaliana kwa muda, kila mmoja akikumbuka jinsi alivyokuwa akimwonea mwenzake huruma. Kisha wakamgeukia Nyabenda kwa pamoja.

"Wewe," Bonaventura akauliza taratibu, "ni mtu wa bustani kweli?"

Nyabenda alitazama mikono yake. "Hapana, mzee. Mimi ni muoka mikate."

Akawaeleza yote. Akawaeleza habari ya mtumbwi, na ya Niyokwizera aliyebaki mchangani, na ndoo ambayo haikuwa ya mbolea. Akasema alihitaji mahali karibu na ufuko, maana kama mkewe yu hai atashukia upande huu, na hakupata njia nyingine ya kukaa. Alisema kwa sauti ya kawaida, bila kulia, na alipomaliza akaanza kukunja mkeka wake.

Verediana hakuonekana kusikia sehemu ya mwisho. Alikuwa amekwama mahali pengine.

"Muoka mikate," akasema. "Siku zote hizi unakula mandazi yangu umenyamaza?"

"Nilikuwa mtu wa maua, mama."

"Sasa si mtu wa maua. Sema. Yakoje?"

Nyabenda akamtazama Bonaventura kuomba msaada. Bonaventura akatazama dirisha.

"Ni magumu, mama."

Bonaventura alianza kucheka. Alijaribu kuzuia, akashindwa, akashika meza, machozi yakamtoka. Alikuwa ameyala mandazi yale tangu wameoana na hakuwahi kumpata mtu wa kulisema hilo neno. Verediana alikasirika mpaka mchana. Mchana akaja stooni, akasimama mlangoni, akasema, "Weka mkeka chini. Nionyeshe."

Nyabenda alimwonyesha. Hamira ilikuwa haipatikani dukani, akatumia tembo la mchikichi kuumua unga, jambo ambalo Verediana, mwanachama wa kikundi cha akina mama wa kanisa, aliliangalia akiwa amegeuza uso nusu. Halafu akajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, palepale katikati ya uwanja, juu ya mashimo yake mwenyewe. Paka waliondoka kwa sababu ya moto. Mikate ya kwanza iliungua upande mmoja, ya pili ikatoka vizuri. Nyabenda alikuwa na tabia ya kuubonyeza kila mkate kwa kidole gumba katikati kabla hajauingiza, ili aone kama umeumuka, na alama ya kidole hubaki juu baada ya kuiva.

Leonardi alirudi kama alivyoahidi. Akakuta tanuri linafuka.

"Hili ndilo ua?"

"Onja kwanza, ndugu balozi," Verediana akasema, akampa mkate wa moto.

Leonardi alionja amesimama, akamalizia ameketi. Akakohoa. Akasema kwa maoni yake bustani bado haijakamilika na ataeleza hivyo huko juu. Akaomba mwingine wa kuwapelekea watoto.

Mikate ile ndiyo iliyofanya kazi ambayo ndoo haikuweza. Kulikuwa na mwanamke wa kijiji cha Simbo aliyeitwa Veneranda, ambaye alikuwa akileta muhogo Bangwe na kupumzika kwa Verediana kabla ya kurudi. Siku moja alinunua mkate, akaenda nao nyumbani kwake, akaukata mbele ya mgeni anayemsaidia shambani. Mgeni akaiona ile alama ya kidole gumba, akamshika mkono.

"Huo mkate umetoka wapi?"

"Kwa yule Mrundi wa Bangwe. Yule niliyekwambia, Nyabenda wa Rumonge."

"Uliniambia ni mtu wa maua."

"Ndiyo. Siku hizi anaoka."

Mgeni huyo alikuwa Niyokwizera. Chombo chake upepo ulikisukuma kusini zaidi, akashukia kijiji kingine, akapanda Simbo kwa miguu na kuanza kulima kwa watu. Alikuwa amefika tangu kiangazi. Tena miezi iliyopita Veneranda alimwambia kuna Nyabenda wa Rumonge pale Bangwe, na yeye alikwisha kufunga khanga aondoke. Ndipo akauliza anafanya kazi gani, akaambiwa anatunza maua ya watu. Akafungua khanga. "Basi siye," alisema. "Kwetu akina Nyabenda ni wengi. Wangu mimi aliua mchicha kwa kuumwagilia." Akarudi kwenye jembe, akalia huko peke yake.

Kwa hiyo ule uongo uliomweka Nyabenda karibu na ufuko ndio uliomficha.

Alifika Bangwe siku ileile aliyouona mkate, vumbi mpaka magotini. Nyabenda alikuwa ameinama tanurini, unga umemfika kwenye viwiko. Aliponyanyuka akamwona amesimama barabarani. Hakusogea. Verediana, aliyekuwa mlangoni, anasimulia kwamba mkate uliokuwa ndani uliungua wote na hakuna aliyejali.

"Nasikia wewe ni mtu wa maua," Niyokwizera akasema.

"Kidogo," Nyabenda akajibu.

Mwanamke akaziba mdomo kwa mkono. Alikuwa akicheka, au akilia. Bonaventura aliingia ndani kutafuta miwani ambayo hakuwa nayo.

Niyokwizera alikuwa mkulima hasa, na baada ya siku chache wenye nyumba wakamweleza kesi yao. Kila mmoja alieleza habari ya uzuri, ya upepo na ya rangi. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Mzee, kivuli ni cha bao? Na mama, pazia ni la kusikilizia watu?"

Wote wawili wakamtazama Nyabenda. Nyabenda akatazama tanuri.

"Hapa uwanjani hapafai mti wala ua," Niyokwizera akasema. "Tanuri litaviunguza. Panda mti, ila uvuke nao barabara, pale kwenye uwazi. Mizizi haitafika nyumbani, na wacheza bao hawatakuwa wageni wa mama. Hakuna anayedaiwa chai ng'ambo ya barabara."

Verediana alisema ameonewa, ua lake limeshindwa. Alinuna siku mbili. Lakini mkrismasi, safari hii uliopandwa na mtu anayejua, ulishika, na hata kabla haujatoa kivuli cha maana wastaafu wa reli walianza kukusanyika na bao lao chini ya kijani kile kidogo. Verediana aliwatazama wiki moja kutoka mlangoni. Wiki ya pili alivuka barabara na meza yake ya mandazi, ambayo sasa yalikuwa laini, akaiweka katikati yao. Wenye kutaka chai walinunua. Naye akakaa pale kutwa, hadharani, akisikia kila kitu, hata mambo ambayo nyuma ya pazia lolote asingeyasikia. Bonaventura alilalamika kwamba bao limekuwa halina siri.

Nyabenda na Niyokwizera waliondoka kwenda kwenye makazi ya Tabora mwaka uliofuata. Hakuna aliyewalazimisha, Leonardi alikuwa bado anakohoa na kula mikate. Ni Niyokwizera aliyetaka shamba lake mwenyewe, na Nyabenda hakuwa tena na sababu ya kukaa karibu na maji. Siku ya lori, Verediana alimpa Niyokwizera khanga mpya na kumshauri asimruhusu mumewe kugusa jembe. Bonaventura alimpa Nyabenda jozi ya viatu vyake vya kazini vya reli, vikubwa kidogo, akamwonyesha namna ya kuvijaza magazeti mbele. Nyabenda alivivaa palepale, akapanda lori akikanyaga kwa uangalifu, na mkewe akamsogezea nafasi juu ya magunia.